Kuutambua Ujuzi Wetu Tunapoandika Wasifu wa Kuombea Kazi

Kila mwaka, mtihani wa Kidato cha Nne unapokwisha mwezi wa Novemba, vijana wengi hurudi kwao na kuanza kungoja. Wako wangojao nafasi ya Kidato cha Tano, wako wangojao nafasi ya chuo, na wako ambao hali ya nyumbani haiwaruhusu kungoja: yawapasa kutafuta kazi mara moja. Basi siku moja ndugu aliye mjini hupiga simu na kusema, "Kuna nafasi hapa. Lete wasifu wako." Kijana huchukua kalamu na karatasi, huandika jina lake, mwaka wa kuzaliwa, shule ya msingi na shule ya sekondari, kisha kalamu husimama. Chini ya neno "Ujuzi" hana la kuandika. Husema moyoni, "Mimi sijafanya kazi po pote. Sina ujuzi wo wote."

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya kijana huyo. Nia yake ni kueleza mambo matatu: kwanza, ujuzi unaohamishika ni nini, pili, jinsi ya kuutafuta mahali ulipojificha, na tatu, jinsi ya kuuandika kwa maneno ambayo mwajiri ataweza kuyaamini. Wazazi na walimu nao wana sehemu yao katika kazi hii, na sehemu hiyo itaelezwa mwishoni.

WASIFU NI NINI

Wasifu, ambao siku hizi wengi huuita sivii, ni karatasi moja au mbili zinazomweleza mtu kwa mwajiri: ni nani, amesoma wapi, amefanya nini, na aweza kufanya nini. Si hadithi ya maisha, wala si barua ya maombi. Barua hueleza kwa nini unaitaka kazi hii. Wasifu huonyesha kwa nini unaifaa.

Wazee husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo ni ya kweli sokoni, ambako mnunuzi huliona embe kwa macho yake, hulishika na kulinusa. Lakini mwajiri mwenye rundo la karatasi mezani pake hakuoni wala hakusikii. Kwake yeye, jambo usiloliandika ni jambo usilo nalo. Kwa hiyo kuutaja ujuzi wako wa kweli si majivuno. Ni kumwonyesha mnunuzi embe ambalo hawezi kuliona.

UJUZI WA NAMNA MBILI

Uko ujuzi wa kazi maalumu. Kushona suruali, kuunga nyaya za umeme, kupiga plasta ukutani, kuchoma vyuma: kila mmoja ni ujuzi wa kazi yake. Fundi cherehani akiacha cherehani na kwenda kuwa mtunza ghala, kushona suruali hakutamsaidia sana. Lakini katika miaka yake ya kushona alijifunza na mengine. Alijifunza kupima kabla ya kukata. Alijifunza kumwahidi mteja siku na kuitimiza. Alijifunza kusema kwa upole na mtu aliyekasirika kwa sababu nguo imembana. Alijifunza kuandika kitambaa cha nani kimeletwa, mita ngapi, na kimelipiwa kiasi gani. Haya yote ataingia nayo ghalani. Huo ndio ujuzi unaohamishika: ule uliojifunza mahali pamoja nawe waweza kuutumia mahali pengine.

Tuchukue mfano wa mtu tunayemjua sote kwa vitabu vyake. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, hakuishi kwa kuandika vitabu peke yake. Mwaka 1926 aliingia katika kazi ya serikali, katika Idara ya Forodha. Katika miaka ya 1940 alihamia Idara ya Wanyama, kisha akafanya kazi katika ofisi za serikali huko Tanga, na mwishowe katika ofisi ya upimaji wa ardhi. Tazameni jinsi idara hizo zilivyo mbalimbali. Bidhaa za forodhani si sawa na wanyama wa porini, wala wanyama si sawa na ramani za viwanja. Hata hivyo, kila moja ya ofisi hizo humhitaji mtu awezaye kuandika kwa usahihi, kutunza kumbukumbu, na kuyaweka maneno mahali pake. Idara hubadilika, haja hiyo haibadiliki.

Ili kuutafuta ujuzi huu pasipo kupotea njia, yafaa kuugawa. Mwaka 1939 Wizara ya Kazi ya Marekani ilitoa kamusi kubwa ya kazi, ili ofisi za kuwatafutia watu ajira ziweze kumlinganisha mtu na kazi inayomfaa. Katika toleo la tatu la kamusi hiyo, la mwaka 1965, kila kazi iliangaliwa kwa upande wa mambo matatu: habari, watu, na vitu. Mgawanyo huo ni mwepesi kukumbuka, nasi twaweza kuutumia hapa kwetu.

Habari ni hesabu, orodha, barua, taarifa na kumbukumbu. Aliyejaza daftari la mahudhurio ya darasa, aliyepima kemikali katika maabara na kuyaandika matokeo kama yalivyo, aliyesoma ramani katika somo la Jiografia, huyo ameshughulika na habari.

Watu ni wateja, wagonjwa, watoto, wageni na wenzetu tunaofanya nao kazi. Aliyempokea mgeni wa shule, aliyemwelekeza mdogo wake hesabu za sehemu, aliyewapatanisha wawili waliogombea ndoo, huyo ameshughulika na watu.

Vitu ni vyombo, mashine, mazao, mifugo na majengo. Aliyetunza mabanda ya kuku, aliyekarabati madawati, aliyepanga magunia stoo ili ya zamani yatoke kwanza, huyo ameshughulika na vitu.

Hapana mwanafunzi wa shule hii ambaye hana la kuandika katika moja ya mafungu haya. Aghalabu atakuwa nalo katika yote matatu.

NENO DOGO LINALOFUKIA UJUZI

Ikiwa ndivyo, mbona karatasi zetu huwa tupu? Sababu moja ni neno dogo sana. Mwulize mwanafunzi alifanya nini wakati wa likizo. Atajibu, "Nilikuwa nyumbani tu." Mwulize mwingine, naye atajibu, "Nilimsaidia mjomba dukani tu." Wa tatu atasema, "Nilikuwa namwuguza bibi tu." Neno hilo "tu" ndilo linalofukia ujuzi wa vijana wetu. Linaifanya kazi ya miezi miwili ionekane kama si kitu.

Hasa wasichana ndio wanaoumizwa na neno hili. Msichana aamkaye saa kumi na moja alfajiri, akawaandaa wadogo zake watatu kwenda shule, akapika kwa fedha kidogo iliyopo na chakula kikatosha, akampeleka bibi yake kliniki na kukumbuka ni dawa ipi ya asubuhi na ipi ya jioni, huyo amepanga muda, amesimamia matumizi, na amefuata maelekezo ambayo kukosea kwake kungeleta madhara. Mwajiri angewalipa watu wawili kufanya kazi hiyo. Yeye husema alikuwa nyumbani tu.

Kosa la pili ni kudhani kwamba cheo ndicho ujuzi. Mwanafunzi huandika, "Nilikuwa kiranja wa bweni," akatua hapo. Cheo hakisemi ulifanya nini. Wako viranja waliovaa beji mwaka mzima pasipo kupanga zamu hata moja, na wako wanafunzi wasio na beji ambao bila wao stoo ya shule isingekuwa na hesabu. Mwenye cheo na aeleze kazi aliyoifanya kwa cheo hicho. Asiye na cheo asijione amenyimwa kitu.

HATUA TANO ZA KUUTAFUTA

Sasa tuingie katika kazi yenyewe. Chukua karatasi ya kawaida, si ile ya wasifu, ufanye hivi.

1. Orodhesha mahali pote ulipofanya shughuli yo yote katika miaka mitatu au minne iliyopita: shuleni, nyumbani, shambani, dukani, kanisani au msikitini, katika timu, katika skauti. Usichague bado. Andika yote.

2. Mbele ya kila shughuli, andika vitenzi. Vitenzi ndivyo vinavyofichua ujuzi. Usiandike "kiranja wa bweni", andika "nilipanga zamu za usafi, nilisikiliza malalamiko, nilimpelekea mlezi taarifa, niliandika vitanda vilivyovunjika." Neno moja la cheo sasa limezaa vitenzi vinne.

3. Tia kipimo. Wanafunzi wangapi? Kwa muda gani? Mara ngapi kwa juma? Ilikuwaje kabla yako, na ilikuwaje baadaye? "Nilipanga zamu za wanafunzi 48 kwa mwaka mmoja" ni sentensi ambayo mwajiri aweza kuiona machoni pake. "Nina uwezo wa uongozi" haionekani.

4. Ndipo uupe ujuzi jina lake: kutunza hesabu, kupanga kazi za wengine, kuhudumia wateja, kufundisha, kutengeneza, kutoa taarifa. Jina lije mwisho, baada ya matendo. Ukianza na jina utashawishika kujipa majina ambayo huna matendo yake.

5. Mtafute shahidi. Ni nani aliyekuona ukifanya jambo hilo, asiye mzazi wako? Mwajiri akipiga simu, atamwuliza nani? Huyo ndiye mdhamini wako. Mwombe ruhusa kabla ya kuliandika jina lake, umkumbushe na kazi uliyoifanya, asije akapigiwa simu akawa hana la kusema.

MFANO WA MAZUNGUMZO

Hatua hizi huwa nyepesi zaidi mtu akiwa na mwenzake wa kumwuliza. Tuseme msichana wa Kidato cha Nne amekwenda kwa mwalimu wake.

MWANAFUNZI: Shikamoo, Mwalimu.

MWALIMU: Marahaba, mwanangu. Umeleta wasifu?

MWANAFUNZI: Nimeuleta, lakini mahali pa ujuzi nimepaacha wazi. Sijapata kufanya kazi.

MWALIMU: Likizo ya mwezi wa Sita ulikuwa wapi?

MWANAFUNZI: Nyumbani. Nilikaa gengeni kwa mama tu.

MWALIMU: Hilo "tu" liache mlangoni. Gengeni mama alikuachia kazi gani?

MWANAFUNZI: Kuuza, na kuwaandika watu wanaokopa.

MWALIMU: Watu wangapi?

MWANAFUNZI: Kumi na wanne. Zamani mama alikuwa akiwaweka kichwani, na mwisho wa mwezi wakawa wanabishana naye. Nikanunua daftari, nikampa kila mtu ukurasa wake. Kila anapokopa naandika mbele yake, kisha namsomea.

MWALIMU: Ubishi ukaisha?

MWANAFUNZI: Haukuisha wote, Mwalimu. Lakini mtu akibisha tunafungua daftari, basi.

MWALIMU: Na nyanya zikianza kulainika mwazitupa?

MWANAFUNZI: Tulikuwa tunazitupa. Sasa nikiona zimeanza, nazipeleka kwa mama lishe wa stendi kabla ya saa tano, kabla hajapika. Anazichukua kwa bei ya chini.

MWALIMU: Nani aliyekufundisha hayo?

MWANAFUNZI: Hakuna. Niliona tunapata hasara.

Tazameni ni mambo mangapi yaliyotoka katika genge moja. Msichana huyu aliona tatizo la madeni, akabuni njia ya kulitengeneza, na njia hiyo ikatumika. Anajua kuandika jambo mbele ya yule linalomhusu, jambo ambalo ni desturi njema katika kila kazi ya fedha. Anajua kwamba bidhaa inayoharibika ina saa zake, na kwamba mnunuzi wa pili hutafutwa kabla haijawa taka. Mtunza ghala la dawa, msimamizi wa duka la vyakula na mpishi mkuu wa hoteli wote huyahitaji haya. Yeye alikuwa ameacha karatasi wazi.

Baada ya mazungumzo, aliweza kuandika hivi:

"Msaidizi wa genge la mboga la familia, likizo za shule kwa miaka 2. Nilihudumia wateja kila siku. Nilianzisha daftari la madeni la wateja 14, kila mteja na ukurasa wake, na kuandika kila deni mbele ya mkopaji. Nilitafuta mnunuzi wa mboga zinazokaribia kuharibika ili kupunguza hasara."

Sentensi nne, wala hakuna hata moja ya uwongo. Mdhamini wake atakuwa nani? Si mama yake, kwa maana mwajiri atadhani anampendelea. Mama lishe aliyenunua nyanya aweza kushuhudia, au jirani mwenye ukurasa katika daftari lile.

KUULINGANISHA UJUZI NA TANGAZO

Ukiisha kupata orodha yako, usiimwage yote katika kila wasifu. Soma tangazo la kazi ukiwa na penseli mkononi. Pigia mstari kila kitenzi: kupokea, kuhifadhi, kuandaa taarifa, kushirikiana. Kisha rudi kwenye orodha yako, uchague matendo yanayokijibu kila kitenzi, uyaweke juu. Msichana wa genge akiomba kazi ya mapokezi ya wageni, kuhudumia wateja kutatangulia. Akiomba usaidizi wa ghala, daftari na mboga zinazoharibika vitatangulia. Mtu ni yule yule na matendo ni yale yale. Mpango ndio uliobadilika.

Mbinu hii si ya leo. Karibu mwaka 1482 Leonardo da Vinci, akiwa na umri wa miaka 30 hivi, alitoka Florence akaenda Milan. Alitayarisha barua ya kuomba kazi kwa mtawala wa Milan, Ludovico Sforza, na rasimu ya barua hiyo imehifadhiwa hata leo. Sisi leo twamjua Leonardo kwa michoro yake. Lakini yeye alijua kwamba mtawala yule alikuwa akifikiri habari za vita. Kwa hiyo alipanga kwa nambari mambo aliyosema aweza kuyafanya: madaraja mepesi ya kubebeka, njia za kuondoa maji katika mahandaki ya ngome, mizinga, na magari yenye kufunikwa. Baada ya hayo akataja majengo na mifereji ya maji kwa wakati wa amani. Uchongaji na uchoraji aliutaja karibu na mwisho kabisa. Kisha akasema yu tayari kujaribiwa mbele ya mtawala, katika jambo lo lote ambalo lingeonekana haliwezekani.

Twajifunza mambo mawili hapa. La kwanza, aliandika akiifikiria haja ya msomaji, si sifa alizozipenda mwenyewe. La pili, alikubali kujaribiwa. Mwandishi wa wasifu naye hana budi kuandika yale tu ambayo yuko tayari kuyafanya mbele ya mwajiri siku ya usaili.

MANENO YA KUNAKILI

Wako vijana waendao kwenye duka la steshenari na kusema, "Niandikie sivii." Mwenye kompyuta huchukua wasifu wa mtu mwingine, hubadili jina na shule, huchapa, na kupokea fedha yake. Ndiyo maana mwajiri hupata karatasi ishirini zinazosema maneno yale yale: mchapakazi, mwenye kujituma, awezaye kufanya kazi chini ya shinikizo. Maneno hayo si matusi, lakini hayamtofautishi mtu na mtu. Tena kijana akiulizwa siku ya usaili, "Shinikizo gani ulilipata, ukafanyaje?" hubaki akitazama dari.

Yafaa kumpelekea mwenye kompyuta karatasi uliyokwisha kuiandika mwenyewe kwa mkono, naye achape ulichoandika. Kwa kuwa nafasi nyingi nchini hutangazwa kwa Kiingereza, mara nyingi wasifu nao utatakiwa kwa Kiingereza. Hata hivyo, fanya hatua zile tano kwa lugha unayoifikiria. Ukisha kujua ulichofanya, mwalimu wa Kiingereza atakusaidia kukiweka kwa lugha hiyo kwa maneno mepesi. Kitenzi chepesi unachokielewa ni bora kuliko neno kubwa usiloweza kulieleza.

MPAKA WA UJUZI HUU

Hapana budi kusema wazi kwamba ujuzi unaohamishika hauchukui nafasi ya ujuzi wa kazi maalumu. Mtu aliyeongoza wanafunzi mia hajui kwa sababu hiyo kuunga nyaya za umeme, na akijaribu aweza kuchoma nyumba ya watu. Tangazo likitaka cheti cha ufundi, daftari la genge halitakuwa cheti. Kazi ya ujuzi huu ni mbili. Humfungulia kijana mlango katika kazi ambazo mwajiri yuko tayari kumfundisha mgeni. Na kati ya wawili wenye vyeti sawasawa, humpambanua mmoja.

Mpaka wa pili ni ukweli. Njia ya mwongo ni fupi. Sote twakumbuka kwamba mwaka 2017 serikali ilihakiki vyeti vya watumishi wa umma, na zaidi ya watumishi 9,000 waliokutwa na vyeti vya kughushi wakaamriwa kuondolewa kazini. Wengine walikuwa wametumika miaka mingi. Kughushi cheti ni jinai, na kuzidisha chumvi katika wasifu huanzia mahali pale pale: mtu huona yale aliyo nayo hayatoshi. Ukiwa ulitunza daftari la wateja 14, usiandike 140. Kumi na wanne watosha, kwa sababu waweza kuwaeleza mmoja mmoja.

NENO KWA WAZAZI NA WALIMU

Wazazi wetu, mwamkabidhi mtoto duka, mifugo, au mgonjwa, naye akafanya vema. Mwambieni kwa maneno dhahiri alichofanya vema. "Umefanya vizuri" ni sifa njema, lakini "tangu uanze kuandika madeni hatujagombana na jirani" ni sifa ambayo mtoto aweza kuishi nayo hata katika usaili. Tena msimcheke akiandika kazi ya genge katika wasifu. Ada yake ya shule pengine ilitoka katika genge hilo hilo.

Walimu nao waweza kusaidia pasipo kuongeza kipindi. Mwanafunzi akimaliza zamu yake ya stoo, ya maktaba au ya shamba, na aandike sentensi tatu: nilifanya nini, kwa kiasi gani, nini kilibadilika. Mwalimu atie sahihi chini yake. Kufika Kidato cha Nne atakuwa na ushahidi uliothibitishwa, wala hatalazimika kukumbuka kwa shida mambo ya miaka minne.

Kwa maana mali bila daftari hupotea bila habari, na ujuzi nao ni mali. Mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza asidhani somo hili ni la kaka na dada zake wa Kidato cha Nne. Yeye ndiye mwenye nafasi ya kuanza mapema. Atenge kurasa chache nyuma ya daftari moja, na kila mwisho wa muhula aandike humo.

MAZOEZI

1. Andika shughuli tano ulizofanya tangu mwaka huu uanze, shuleni au nyumbani. Mbele ya kila moja andika vitenzi vitatu.

2. Yagawe majibu ya swali la kwanza katika mafungu matatu: habari, watu, na vitu. Ni fungu lipi lililo na mengi? Ni kazi zipi zinazolihitaji fungu hilo?

3. Sahihisha sentensi hizi kwa kutia vitenzi na vipimo: (a) "Nilikuwa kiongozi wa klabu ya mjadala." (b) "Nilimsaidia baba kufuga kuku tu." (c) "Ninapenda kufanya kazi na watu."

4. Tafuta tangazo moja la kazi gazetini au kwenye ubao wa matangazo. Pigia mstari vitenzi vyake, kisha uandike matendo yako matatu yanayovijibu.

5. Kaeni wawili wawili. Mmoja aeleze alivyotumia likizo iliyopita, mwenziwe amwulize "wangapi?", "mara ngapi?" na "ikawaje?" mpaka sentensi nne za kweli zipatikane. Kisha mbadilishane.

Majibu ya swali la tatu na la tano yapelekwe kwa mwalimu wa darasa kabla ya shule kufungwa.